Uliza Fundi wa Kambi: Trela ya hema inaharibikia uani, siyo barabarani

Haya wasomaji wangu, habari za tangu toleo lililopita. Mara ile niligusia kidogo tu hizi trela za kukunjua, yaani kale kasanduku unakovuta nyuma ya gari, ukifika kambini unazungusha mkono wa winchi paa linapanda, unavuta kitanda kimoja huku kingine kule, turubai linatanuka na tayari una chumba cha kulala watu sita. Basi barua zimemiminika mpaka mhariri kaniachia kurasa zote za fundi. Wengi mlioandika mko Marekani na Kanada na sishangai, huko ndo kwao, mji wa Elkhart kule Indiana na vijiji vya jirani ndo trela za kambi za kila aina zinakotengenezwa kwa wingi, kampuni ya Jayco kwa mfano ilianzia pale Middlebury mwaka 1968 kwenye mabanda ya kuku ya shambani kwa mwanzilishi wake, na kilichowatoa ni huo huo mfumo wa kupandisha paa ambao leo wengine mnaniandikia umewagomea.

Barua zote nimezisoma, na karibu zote, hata za winchi, hata za taa, ukichimba unakuta maji. Yaliingia mahali yakakaa. Twende.

*Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tumenunua trela ya hema iliyotumika kwa jirani yetu hapa Columbus, Ohio, tulivyoenda kuiangalia ilikuwa imefungwa na hakutufungulia. Tumefika nyumbani tumefungua, mama yangu, harufu ya uvundo, na turubai lina madoa meusi kwenye kona zote za vitandani. Mume wangu anataka alipige Clorox lote. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Tufanyeje? – Mama wa watatu, Columbus*

Marahaba mama, na hongereni kwa kupata. Kwanza mwambie baba watoto airudishe hiyo chupa chini ya sinki. Clorox, jiki, yoyote ya jamii hiyo, inang'arisha doa kweli lakini inakula uzi. Turubai la trela nyingi ni pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta, na mishono yake imeshikwa na uzi huo huo, sasa ukiishambulia na jiki leo litaonekana safi, mwezi wa nane upepo ukipiga mshono unaachia usiku mmelala. Zaidi ya hapo jiki inaondoa ile dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kiwandani, kwa hiyo unakuwa umeua ukungu na umefungulia mvua mlango.

Fanyeni hivi. Chagueni siku mbili za jua, siyo moja, mbili. Fungueni trela yote, paa juu, vitanda nje, madirisha yote zipu chini. Kabla hamjamwaga tone la maji chukueni brashi laini kavu mkapukute ule unga mweusi, na hapa vaeni barakoa na huyo mtoto mwenye pumu awe ndani ya nyumba kabisa au kwa jirani, manake ule unga unaoruka ndo wenyewe unaombana kifua. Mkishapukuta, changanyeni siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, jaribuni kwanza kwenye kona isiyoonekana msije mkachuja rangi, halafu pulizieni kwenye madoa, acheni nusu saa hivi, sugueni taratibu na sponji, suuzeni kwa maji baridi. Sabuni ikibidi iwe ya mche au ya maji isiyo kali, siyo ya unga ya kufulia. Na ile mashine ya kuoshea magari kwa presha msiikaribishe, inasukuma maji ndani ya mishono na inapasua turubai lililochoka.

Halafu likauke. Na ninaposema likauke siyo kwa kugusa katikati, gusa kwenye pindo, pale turubai linapobanwa na reli ya alumini, hapo panabaki ubichi hata masaa manne baada ya kwingine kukauka. Babu yangu alikuwa na ngalawa Pangani, tanga lake la pamba hakulikunja likiwa bichi hata siku moja, hata kama samaki wanaozea juani yeye kwanza anaanika tanga, na akiliweka alikuwa ananusa zile kona kama mtu ananusa maziwa. Mi nilikuwa naona ni mazoea ya wazee tu, nimekuja kuelewa miaka arobaini baadaye nikiwa Ohio hapo hapo na turubai langu linanuka.

Likishakauka kabisa pakeni dawa ya kuzuia maji, someni kopo liseme ni ya turubai la pamba kama lenu ni pamba, na kwenye mishono mpitishe ile gundi maalumu ya mishono kwa ndani. Madoa mengine hayatatoka mama, nakwambia kabisa usije ukasikitika, yatabaki kivuli cha kijivu. Kivuli hakina neno ila harufu lazima iishe. Na ukibana turubai kwa vidole viwili ukavuta kidogo likachanika kama gazeti, basi hilo limekwisha, hakuna dawa, ni kushonesha jipya. Jipya likija litakuja na mshangao wake, mvua ya kwanza litapenyeza matone kwenye matundu ya sindano, msipanic, pamba ikilowa inavimba na kuziba yale matundu, ndo maana wanasema turubai jipya ulilowanishe kwa mpira wa bustani na kulikausha mara mbili tatu kabla ya safari.

Na kuanzia leo sheria ya nyumba iwe hii, mkifunga trela ikiwa bichi kwa sababu mvua imewakuta kambini Jumapili na kazi ni Jumatatu, sawa, inatokea kwa kila mtu, lakini muifungue tena ndani ya siku moja, ikizidi sana mbili. Najua wengi mnakaa apatimenti hamna ua, basi vuteni mpaka kwa ndugu mwenye nyumba, au paki kubwa ya kanisa au msikiti mkiomba ruhusa, mtandaze masaa matatu. Nimeona trela za dola elfu kumi zimekufa kwa wiki mbili za ubichi.

*Mambo fundi. Winchi yangu ikipandisha paa inalia ka-ka-ka, na kona ya nyuma kushoto inabaki chini kama inchi nne hivi. Nimepiga WD-40 winchi nzima na bado. Mshkaji kaniambia nifunge drili ya betri nizungushe haraka. Nifanye? – Kijana wa Minneapolis*

Poa mdogo wangu. Sauti ya ka-ka-ka wakati wa kupandisha ni ya kawaida kwa winchi zenye breki, ndo inakwambia breki iko hai, kushusha ndo inatakiwa inyamaze. Kwa hiyo hapo hukuwa na tatizo, tatizo umelileta na WD-40. Ndani ya winchi ya namna hiyo kuna sahani zinazosuguana, ndo zinazolizuia paa lisirudi chini ukiachia mkono, na sahani za breki hazitakiwi mafuta ya aina yoyote kama vile wewe usivyoweza kupaka mafuta breki za gari lako. Grisi inaenda kwenye meno ya gia na kwenye ekseli yake basi. Kama mafuta yameingia kwenye sahani mi nakushauri ununue winchi mpya, kwa sababu siku itakapoteleza paa litashuka lenyewe na ule mkono wa chuma utazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono wa mtu.

Sasa hiyo kona. Trela nyingi chini ya sakafu zina waya mmoja wa chuma unaovutwa na winchi, huo waya unavuta chuma cha katikati, na chuma kinasukuma springi ndefu nne ndani ya mabomba mpaka zinatokea kwenye nguzo za kona. Nyingine badala ya springi zina nyaya na puli. Vyovyote vile, kona moja ikibaki nyuma ni ama waya umelegea au umeanza kukatika nyuzi nyuzi, ama puli imeshika kutu, ama ile nguzo yenyewe imejaa uchafu na kutu. Lakini kabla hujalala chini kwenye simenti niambie, uliiweka sawa kabla ya kupandisha? Watu wengi wanapandisha paa trela ikiwa imeinama, nguzo zinajipinda kidogo zinabana. Anza na upande kwa upande, weka ubao chini ya tairi la upande wa chini mpaka pimamaji ikae katikati, weka vizuizi kwenye matairi, toa trela kwenye gari, halafu mbele na nyuma unarekebisha kwa jeki ya pua. Ndo unapandisha paa. Ile miguu minne ya kona unashusha kugusa tu ardhi isitikisike, siyo ya kuinulia trela, ukiitumia kama jeki unapinda fremu na mlango hautafunga tena.

Na kuna kosa moja nimelirekebisha mara nyingi kuliko yote, mtu amesahau kufungua kabali za pembeni zinazobana paa, anazungusha winchi, anaona ngumu, anaongeza nguvu, pa! waya umekatika. Zizunguke zote kwa mkono, gusa moja moja, usitegemee macho.

Drili hapana. Ukizungusha kwa mkono mwili wako unasikia ikianza kuwa nzito na unaacha, drili haisikii kitu, itavuta mpaka ikate. Hesabu mizunguko yako mpaka paa linafika juu, andika namba kwa kalamu ya maka ndani ya kabati, siku ukiona bado mizunguko kumi na imekuwa nzito ujue kuna kitu kimekwama.

Chini ya paa usiingize mwili wako kama haujaweka mbao nne za kuzuia, kila kona moja, zilizokatwa kwa kipimo. Kagua waya ukiwa na glavu, ukiona hata uzi mmoja wa chuma umetokeza badilisha waya mzima. Nguzo zipanguse kavu kisha silikoni ya kupuliza, kidogo tu, grisi nzito inashika vumbi inakuwa msasa. Na kama unabeba baiskeli juu ya paa, ishushe kabla hujazungusha, zile springi zimepigiwa hesabu ya uzito wa paa peke yake.

*Fundi habari. Tuko Dallas, mwezi ujao tunaenda na familia mpaka Rocky Mountain kule Colorado, zaidi ya maili 800. Mwaka jana tukitoka Oklahoma gurudumu la kulia lilitoa moshi, fundi wa barabarani akatia grisi tukaendelea. Je, inatosha? Na taa moja ya nyuma inawaka inavyotaka yenyewe. – Baba mwenye wasiwasi, Dallas*

Habari nzuri ndugu yangu, na wasiwasi wako ni wa haki kabisa, usisafiri hivyo. Gurudumu likitoa moshi mara nyingi ni beringi imekufa au inakufa, kuongeza grisi juu ya beringi iliyoungua ni kuifukia tu. Matairi ya hizi trela ni madogo, inchi 12 au 13, kwa hiyo gari lako likizunguka mara moja yenyewe imeshazidi, na beringi zake zinafanya kazi kubwa kwenye joto la Texas. Watengenezaji wa ekseli kama Dexter wanasema zifunguliwe na kupakwa grisi upya kila mwaka au kila maili 12,000, chochote kitakachotangulia, na nyie wenye trela ya hema karibu kila mara kitatangulia mwaka. Kukaa bila kutembea siyo kupumzika. Trela ikisimama miezi minane unyevu unaingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, unakaa kwenye beringi sehemu moja ile ile, unachimba vishimo vya kutu vidogo ambavyo mwezi wa saba kwenye haiwei ndo vinageuka moshi.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani jioni moja kwa gurudumu. Jeki kwenye fremu au ekseli pale kitabu kinapoonyesha, stendi ya chuma chini, toa tairi, toa kifuniko, nyoosha ile pini iliyopinda uichomoe, fungua nati kubwa, habu inakuja mkononi na beringi ya nje, ya ndani unaitoa pamoja na sili, ile pete ya kuzuia grisi isitoke. Osha zote kwa dawa ya kuoshea vyuma mpaka ziwe kama mpya kisha uangalie kwenye mwanga, ukiona rangi ya bluu, mikwaruzo, vishimo, hiyo tupa, na ukitupa beringi tupa na kikombe chake kilichomo kwenye habu maana vinaliwa pamoja. Zilizo nzima jaza grisi ya beringi za magurudumu, siyo grisi yoyote iliyo garaji, ikandamize kwa kiganja mpaka uione inatokea upande wa pili katikati ya zile rola. Sili mpya kila mara, ni dola chache, usiirudishe ya zamani. Nati unakaza huku unazungusha gurudumu ili vitu vikae, kisha unailegeza, halafu unairudisha kwa vidole tu mpaka iguse, unatia pini mpya. Wanaoharibu hapa ni wenye nguvu, wanakaza kwa spana ndefu wanaibana beringi, na ndo moshi wa mwaka jana pengine ulipotoka.

Nati za tairi kaza kwa spana inayopima nguvu, kipimo kipo kwenye kitabu chako, na urudie kukaza baada ya maili 10, tena 25, tena 50, manake zinalegea mwanzoni. Kila ukisimama kujaza mafuta zunguka na uweke kiganja karibu na habu, uvuguvugu ni sawa, ikikufanya uondoe mkono simama hapo hapo. Mi hii tabia naifanya hata nikiwa na haraka ya msiba.

Matairi angalia ubavuni namba nne za mwisho za DOT, yaani alama ya idara ya usafiri ya Marekani, ikiandikwa 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela likifika miaka mitano sita mi nabadilisha hata kama kashata zake ni mpya kabisa, jua ndo linaloliua siyo lami. Upepo ujaze asubuhi likiwa baridi mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha trela, na mengi ya aina ya ST, yaani matairi maalumu ya trela, yamepimwa kwa maili 65 kwa saa kwa hiyo zile 80 za magharibi mwa Texas ziache kwa wenyewe.

Taa hiyo ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye fremu, karibu nakuapia. Ile plagi ya nyaya nne, mweupe ndo ethi, kahawia taa za usiku, njano kushoto, kijani kulia. Fuata mweupe mpaka ulipofungwa kwenye fremu kwa skrubu, utakuta kutu. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, paka grisi ya umeme juu. Na kabla ya kuondoka pakia mizigo vizuri, asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela ikae puani, ukirundika yote nyuma itaanza kucheza mkia kwenye mteremko.

*Salamu kutoka Edmonton. Huku baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwaka jana niliifunika trela na turubai la plastiki nikaiacha, masika bomba la sinki limepasuka, betri imevimba, na panya wamezalia kwenye godoro. Nimekosea wapi? – Msomaji wa Alberta*

Pole sana. Tuchukue moja moja. Maji kwanza, kufungua bomba yatoke haitoshi, kwenye pampu na kwenye kona yanabaki. Toa maji yote tankini, kisha pitisha ile antifrizi ya rangi ya pinki ya trela, iliyotengenezwa kwa propilini glaikoli, mpaka uione pinki inatoka bombani. Siyo ile ya kijani ya injini, hiyo ni sumu na watoto watakunywa kwenye bomba hilo hilo. Masika unasuuza, halafu unaua vijidudu tankini, robo kikombe cha jiki isiyo na manukato kwa kila galoni 15 za maji, ikae masaa kadhaa, kisha suuza mpaka harufu iishe. Hapo tankini jiki inaruhusiwa, ni kwenye turubai tu ndo hatutaki kuiona.

Betri ilivimba kwa sababu iliishiwa. Betri ya asidi iliyojaa haigandi kirahisi hata huko kwenu, iliyokwisha inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na hizi trela zina vitu vinavyonyonya chaji taratibu hata umezima kila kitu, kama kile king'ora cha gesi. Ichomoe, ipeleke ndani, ichaji ifike volti 12.6 au zaidi, na kila mwezi uipime.

Panya sasa. Panya anapita tundu la ukubwa wa kalamu. Lala chini na tochi wakati mtu mwingine yuko ndani na yeye na tochi, popote mwanga unapopenya shindilia stilwaya, wanachukia kuitafuna. Ondoa magodoro, nguo, na kila chembe ya chakula mpaka viungo vya chai. Hakuna dawa ya harufu itakayoshinda tundu lililo wazi.

Na lile turubai la plastiki ndo lilikuzidishia, plastiki haipumui, unyevu unapanda kutoka ardhini unadondoka ndani. Tafuta kifuniko kinachopumua, inua pua ya trela kidogo ili theluji iliyoyeyuka ishuke isisimame juu ya paa, na theluji nzito ifagie, paa limefungwa linabeba lakini siyo futi tatu mwezi mzima.

*Jambo fundi, tuko Portland, Maine, mwezi wa kumi usiku watoto wanalalamikaka baridi ndani ya trela. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa dakika kidogo kupasha, tukiacha dirisha moja wazi? – Papa wa familia*

Hapana papa. Hata dakika tano, hata dirisha mbili. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, mtu anahisi usingizi tu na kichwa kizito na anadhani ni uchovu wa safari. Hata ukiuona umezima, majivu bado yanaitoa. Na jiko la gesi la kupikia pia siyo hita, usilale limewaka. Kama trela ina hita yake ya gesi inayotoa moshi nje, hiyo itumie, baada ya kukagua bomba lake la nje halijazibwa na viota vya nyigu. Kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi nunua leo kabla ya kitu kingine, kina tarehe ya mwisho nyuma yake, isome. Gesi yenyewe kila mwanzo wa msimu paka povu la sabuni kwenye maungio ya mtungi, regyuleta na mpira, mapovu mapya yakivimba funga na utengeneze. Ukisikia harufu ndani usiwashe hata taa, funga mtungi, toa watu, fungua kila kitu, gesi hii ni nzito kuliko hewa inalala sakafuni pale pale watoto wanapocheza.

Kwa baridi ya kawaida ongeza mkeka mnene au blanketi chini ya godoro siyo juu tu, kwenye kitanda cha kuvuta nje upepo unapita chini ya ubao na ndo unaowachoma watoto mgongo.

*Fundi, niko Nanyuki. Niliagiza trela ya hema, kila nikitoka Samburu zipu zimekuwa ngumu na turubai limeanza kuchujuka juu. Maji sina shida nayo, ni vumbi. – Mpenda pori*

Asante kwa barua. Vumbi likiingia kwenye zipu usilazimishe, piga mswaki mkavu meno yote juu mpaka chini, kisha sugulia mshumaa mweupe, fungua funga mara tano. Mafuta usitie, vumbi la Samburu litagandia hapo liwe simenti. Kuchujuka ni jua la ikweta, na jua halichuji rangi tu, linakausha uzi wa mishono, kwa hiyo ukiwa nyumbani trela ikae chini ya kivuli cha mabati, na ukisimamisha kambi siku nyingi tandika shiti ya juu. Na baada ya barabara ya makorongo kama hizo pita na spana kila nati ya fremu, springi na kabali, zinalegea zote bila kukuambia.

*Fundi, hapa Grand Rapids sakafu yangu inabonyea karibu na mlango. Nifunike na zulia au niuze? – Msomaji wa Michigan*

Usifunike. Chukua bisibisi, bonyeza kila baada ya inchi mbili kuanzia mlangoni kwenda ndani mpaka ubao uwe mgumu, weka alama kwa chaki, hapo ndo utajua ukubwa wa ugonjwa. Halafu tafuta maji yanapoingilia kabla hujakata plaiwudi, mara nyingi ni pembe ya paa au ukingo wa mlango ambako gundi ya zamani imepasuka. Ikwangue yote, tia teipu ya butili na ile lakiri ya mapaa ya trela, siyo silikoni ya bafuni, silikoni ikishakaa hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake tena. Mwagia maji kwa mpira nusu saa mtu akiwa ndani na tochi. Pakiwa pakavu ndo ukate kipande kibovu na kupachika plaiwudi mpya iliyopakwa rangi pande zote mbili pamoja na kingo. Kipande kikiwa ndani ya futi mbili kwa mbili ni kazi ya wikiendi na trela haina haja ya kuuzwa, kikifika kwenye mabomba ya kupandishia paa niandikie kwanza na upime umbali kutoka alama ya chaki mpaka kwenye nguzo, nitakujibu toleo lijalo.